Mwalimu wa Busia, tengeneza ulingo kabla ya kununua roboti

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari ya kutwa hapa Busia, upande wa Uganda. Tumeanzisha klabu ya roboti yenye wanafunzi 24, kuanzia S.1 hadi S.3. Mwalimu mkuu amekubali kutoa shilingi milioni moja na nusu, na amesema ni mara moja tu. Mfanyabiashara mmoja anatushawishi tuchukue seti moja kubwa ya LEGO. Kijana mmoja aliyesoma umeme anasema tununue Arduino, zile bodi ndogo za elektroniki zinazopangiwa programu, na vifaa vya kuunga wenyewe. Tumsikilize nani? Tukishanunua, tuingie shindano gani, na wenzetu wa mambo haya tuwatafute wapi? Kuna pia binti wa S.2 anayeniuliza kila wiki kama roboti inaweza kuendeshwa kwa simu.

JIBU: Mwalimu, shikamoo na pole na kazi. Kijana wako yuko karibu na ukweli kuliko mfanyabiashara, ila wote wawili wameanzia mwisho. Kabla hela haijatoka mfukoni, amueni roboti itafanya nini, itafanyia wapi, na nani atasema imeshinda au imeshindwa. Klabu za shule hazifi kwa kukosa vifaa peke yake. Nyingi hufa zikiwa na kasha zuri kabatini, ufunguo uko ofisini, na hakuna mtu anayejua Jumamosi hii wanafunzi wanashindania nini. Mkiwa na mchezo, vifaa vitajipanga vyenyewe, hata orodha ya manunuzi itakuwa fupi.

Nianze na LEGO, maana huyo mfanyabiashara hatakuacha. Seti zake ni nzuri, sitaki kuzisema vibaya. Mtoto anaunga mota na sensa, yaani vihisi, bila kugusa waya mtupu, anapanga vipande vya programu kwenye skrini kama anavyopanga matofali, na ndani ya saa moja kitu kinatembea. Lakini hesabu haikai. Seti ya SPIKE Prime, kwa mfano, huko inakotoka imekuwa ikiuzwa zaidi ya dola 300 za Marekani, bado usafiri, ushuru na faida ya muuzaji. Fedha yenu ni kama dola 400. Mtabaki na seti moja kwa watoto 24. Kwenye meza ya namna hiyo watatu wanashika, watatu wanaelekeza kwa mdomo, na waliobaki wanashika tama. Baada ya wiki chache hao waliobaki utawakuta uwanjani wakicheza mpira, na huwezi kuwalaumu.

Na mkiuziwa seti iliyotumika, fungueni macho. Familia ya Mindstorms, seti za roboti za LEGO za zamani, ilianza 1998, ikapita kwenye NXT ya 2006 na EV3 ya 2013, na LEGO ikaacha kuiuza mwishoni mwa 2022. EV3 nyingi bado zinafanya kazi vizuri na zinauzwa kwa bei ya kuvutia. Tatizo huja pale kitu kidogo kinapokatika. Chukua waya wake: kichwa chake kinafanana na cha simu ya mezani, lakini kile kijino cha kushikia kimesogezwa pembeni. Waya wa simu hauingii. Kwenye masoko ya Kampala hutaupata, si Kisekka wala Owino, na fundi wa simu pale senta atakutazama tu. Roboti nzima inalala kwa sababu ya waya mmoja.

Arduino ni habari nyingine. Ilizaliwa Italia mwaka 2005, na michoro yake iko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo bodi za bei nafuu kutoka China zilizofuata michoro hiyo ni halali kabisa, mradi zisijibandike jina na nembo ya wenyewe. Nunueni hizo bila aibu. Jambo moja tu: nyingi hutumia chipu ya CH340 kuzungumza na kompyuta kupitia USB, na kompyuta za zamani haziitambui mpaka uiwekee programu yake. Pakua programu hiyo, pamoja na programu yenyewe ya Arduino, mahali penye intaneti nzuri, uziweke kwenye flashi kabla ya siku ya kwanza ya klabu. Ukisubiri kupakua mbele ya watoto 24 kwa bando ya simu yako, siku imekwenda.

Sasa mchezo. Ushauri wangu ni mieleka ya sumo. Roboti mbili zinawekwa juu ya ulingo wa duara, zinasubiri sekunde tano, kisha zinajiendesha zenyewe bila mtu kuzigusa. Itakayomsukuma mwenzake nje imepata pointi. Wajapani wamekuwa wakifanya mashindano ya taifa ya mchezo huu tangu miaka ya 1990. Naupendekeza kwa sababu roboti mbovu nayo inacheza. Kwenye mchezo wa kufuata mstari uliochorwa chini, roboti isiyofuata mstari haina la kufanya, inazunguka mahali pamoja na mwenye nayo anaona haya. Kwenye sumo, hata inayojiendea ovyo inaweza kumkumba mwenzake kwa bahati, darasa zima likapiga kelele, na mwenye roboti anarudi mezani akitaka kujua ilikuwaje akashinda.

Ila msizichukue kanuni za kimataifa kama zilivyo. Daraja dogo linaloitwa mini sumo linataka roboti isiyozidi gramu 500, iingie ndani ya mraba wa sentimita 10 kwa 10, juu ya ulingo wa sentimita 77. Zile mota ndogo za njano zenye gia ndani, ambazo ndizo rahisi na ndizo mtakazozipata, hazikai ndani ya upana huo zikiwa na magurudumu yake mawili. Shule nyingi hugundua hivyo zikiwa zimeshanunua. Tungeni kanuni zenu: mraba wa sentimita 20 kwa 20, uzito usiozidi gramu 800. Uzito ukipita hapo, gia za plastiki zinaanza kulia na meno yake yanalika.

Ulingo mtakata kwenye plaiwudi. Karatasi ya futi 4 kwa 8 ina upana wa sentimita 122, kwa hiyo inatoa duara mbili za sentimita 120 bila kuhangaika. Moja iwe ya mazoezi, nyingine isiguswe mpaka siku ya mchezo. Pakeni rangi nyeusi isiyong'aa, kisha ukingo mweupe wa sentimita 5 kuzunguka pembeni. Isiyong'aa, nasisitiza. Rangi ya mafuta inayometameta inarudisha mwanga, na sensa itaona weupe pasipo na weupe. Inueni ulingo juu ya vipande vya mbao kama sentimita 5 kutoka chini ili anayeanguka aonekane ameanguka. Fundi seremala yeyote wa Busia anaimaliza kazi hiyo kwa siku moja, na naomba ifanyike kabla ya kununua chochote kingine. Wekeni ulingo darasani ukae watoto wauone.

Gaweni watoto katika timu sita za watu wanne. Kila timu ipate bodi moja ya Arduino Uno, mota mbili za njano na magurudumu yake, draiva moja ya mota (kibodi kinachopitisha umeme wa betri kwenda kwenye mota kwa amri ya Arduino), sensa mbili za kuona ukingo, sensa moja ya sauti ya kumtafuta mpinzani, kibebeo cha betri sita, swichi na waya za kuunganishia. Umbo la roboti lisinunuliwe. Vile vibao vya plastiki vinavyokuja na seti vinapasuka, halafu vinafanya roboti zote zifanane. Acha watoto wakate plaiwudi nyembamba, mabati, chupa, chochote. Kwa klabu nzima ongezeni maltimita mbili za kupimia umeme, chuma cha kulehemu kimoja kizuri badala ya vitatu vya bei chee, chaja ya betri, na sensa na mota za akiba. Za akiba ni lazima. Kuna mtoto ataunga chanya na hasi kinyume siku ya kwanza, na hapaswi kuadhibiwa kwa hilo.

Kwenye draiva utasikia majina mawili. TB6612 ni ndogo na haipotezi umeme mwingi, lakini uwezo wake wa kubeba umeme mfululizo ni ampea 1.2 kwa kila mota, na kwenye sumo mota hukwama zikisukumana. Kwa watoto chukua L298N, ile yenye kipande cheusi cha chuma cha kupoza joto. Ni teknolojia ya kizamani, inakula karibu volti 2 njiani, lakini inabeba hadi ampea 2 kwa kila mota na inavumilia makosa.

Hizo volti 2 zinazoliwa ndizo zinazotufikisha kwenye betri, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu theluthi ya maswali ninayoletewa na walimu ni betri iliyovaa nguo za ugonjwa mwingine.

Utaitwa na mtoto: “Mwalimu, roboti yangu ilikuwa inafanya kazi mezani, nikiiweka chini inakufa.” Tazama ilichounganishwa nacho. Mezani ilikuwa imechomekwa USB ya kompyuta na magurudumu yako hewani. Chini ameweka ile betri ya mraba ya volti 9, kwa sababu namba 9 inaonekana kubwa na mtoto hufikiri kubwa ndiyo yenye nguvu. Betri hiyo imetengenezwa kwa redio ndogo na vipima moshi. Mota ya njano inapoanza kuondoka, au inapokwama, huvuta karibu ampea moja, na hapo ziko mbili. Weka maltimita kwenye vichwa vya betri, mwambie mtoto awashe, mtazame pamoja: namba inaporomoka kutoka 9 hadi 5 au chini yake, taa ya Arduino inafifia, bodi inajizima na kuanza upya, inawasha mota tena, volti zinaporomoka tena. Roboti inatetemeka mahali pamoja kama mwenye homa. Programu haina kosa. Somo zima la ukinzani wa ndani wa betri, ambalo ubaoni linachosha, limefundishika ndani ya dakika mbili.

Tumieni betri sita za AA za kuchaji. Kila moja ina volti 1.2, jumla 7.2; toa 2 zinazopotea kwenye L298N, mota inapata kama 5.2, na mota hizo zimetengenezwa kwa volti 3 hadi 6. Mmeona hesabu ilivyokaa? Na hasi ya betri, hasi ya draiva na hasi ya Arduino vyote vikutane mahali pamoja. Waya huo mmoja ukisahaulika, roboti itafanya vituko ambavyo hata mimi sitavieleza.

Wanafunzi wakubwa watakuletea seli za 18650, zile betri za lithiamu, walizotoa kwenye betri za laptopu mbovu. Zina nguvu kweli, volti 3.7 kila moja, na ukiunga mbili umepata 7.4. Siwakatazi wa S.3 wenye mkono mtulivu, lakini kwa S.1 hapana. Zikigusana vichwa zinawaka moto. Zichajiwe kwa chaja yake inayokata kwenye volti 4.2, mtu akiwa macho, kamwe zisilazwe kwenye chaja usiku kucha eti kwa sababu umeme umerudi. Iliyokutwa chini ya volti 2.5 itupwe. Na mkikuta dukani seli mpya imeandikwa uwezo wa 9900 mAh, ni uongo mtupu. Seli nzuri kabisa ya ukubwa huo hufika kama 3500.

Programu ya sumo ni fupi kuliko watoto wanavyodhani. Ukiona weupe, rudi nyuma na ugeuke. Usipoona weupe lakini ukamwona mpinzani, nenda mbele kwa nguvu zote. Usipoona kitu, zunguka ukitafuta. Mpangilio ni huo huo na haugeuzwi: ukingo kwanza, mpinzani baadaye. Timu itakayomweka mpinzani kwanza itamfuata hadi nje ya ulingo na wote wawili wataanguka.

Sensa ya ukingo humulika mwanga usioonekana na kupima unaorudi. Arduino inakupa namba kati ya 0 na 1023. Tuseme juu ya weusi inasoma 800 na juu ya weupe 120. Namba ya kutenganisha weusi na weupe iwekwe katikati, kama 460. Lakini jua nalo lina mwanga huo huo, tena mwingi. Ulingo ukiwa karibu na dirisha saa nane mchana, namba zilizopimwa asubuhi hazina maana tena, na roboti iliyokuwa bingwa saa tatu inaruka ulingoni yenyewe. Wafundisheni kupima upya kabla ya kila pambano, na kuikinga sensa kwa kikaratasi cheusi pembeni. Na siku ya mashindano msifanyie nje chini ya mwembe, hata kama wageni wataona raha zaidi.

Sensa ya sauti, ile yenye macho mawili inayoitwa HC-SR04, hupiga mlio wa kilohezi 40 ambao sikio halisikii, kisha husubiri mwangwi. Sauti hukimbia kama mita 343 kwa sekunde. Kwenda na kurudi, kila sentimita moja ya umbali ni mikrosekunde 58. Hapo watoto watapenda kukokotoa wenyewe, waache. Kuna mtego mmoja lakini. Amri ya kusubiri mwangwi, pulseIn, isipopewa ukomo huweza kungoja hadi sekunde nzima, na roboti iliyosinzia kwa sekunde moja kwenye ulingo wa sentimita 120 imeshaanguka. Ipeni ukomo wa mikrosekunde 6,000, unaotosha kuona karibu mita moja. Na mwangwi usiporudi, amri hiyo hujibu sifuri. Mtoto ameandika “umbali ukiwa chini ya 40, shambulia.” Sifuri ni chini ya 40. Basi roboti inashambulia hewa kwa ushujaa mkubwa. Ukiwaambia jibu mapema umewanyima utamu. Waulize tu roboti inamwona nani pale.

Baada ya mapambano ya kwanza watagundua ujanja wao wenyewe: aliyefikisha gramu 795 anamsukuma mwenye 500, kwa hiyo nati na boliti kuukuu kutoka kwa fundi baiskeli zitaanza kubandikwa kila mahali. Magurudumu yaliyopanguswa kwa kitambaa chenye maji yanashika zaidi. Na aliyetengeneza uso wa mteremko kama jembe anainua wenzake, tena mteremko huo hurusha mlio wa sensa juu badala ya kuurudisha, akawa haonekani vizuri. Mzani wa duka la sukari unatosha kuamua kesi zote. Msiziamue kwa macho.

Kama mwalimu mkuu atachelewesha fedha, na mara nyingi huchelewa, msikae. Mwaka 2012 mtandao wa watafiti wa roboti wa Afrika, AFRON, ulioanzishwa na Ayorkor Korsah wa Chuo Kikuu cha Ashesi, Ghana, na Ken Goldberg wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani, ulitangaza shindano la kubuni roboti ya kufundishia inayogharimu kama dola 10. Mmoja wa washindi, Tom Tilley aliyekuwa Thailand, alileta roboti ya dola 8.96 aliyoitengeneza kwa pedi ya kuchezea gemu. Zile mota mbili zinazotikisa pedi mkononi alizifanya za magurudumu. Kwenye vile vijiti viwili vya kidole gumba akachomeka peremende za kijiti; roboti ikigonga kitu, peremende inayumba, kijiti kinalala, na kompyuta inajua kuna mgongano. Pedi kuukuu haikosekani sokoni, na peremende watoto wanazo. Ilikuwa imefungwa kwa waya wa USB kwenye kompyuta, kwa hiyo haiwezi kupigana sumo, lakini kwa mwezi wa kungoja fedha inafaa sana.

Ukitafuta mashindano ya nje, fahamu kila moja linataka nini, maana yanatofautiana sana. FIRST LEGO League, iliyoanza 1998 kwa ushirikiano wa shirika la FIRST la Dean Kamen na kampuni ya LEGO, inataka roboti ya LEGO peke yake. Ni timu isiyozidi watoto 10, mchezo wa dakika mbili na nusu juu ya meza ya futi 8 kwa 4. Lakini roboti ni sehemu tu ya alama. Kuna mradi wa utafiti, na waamuzi huwahoji watoto namna walivyofanya kazi pamoja. Hilo ndilo shindano pekee ambalo lingenifanya nimpigie simu yule mfanyabiashara wako, na hata hapo ningetafuta kwanza shule yenye seti ya kuazima. World Robot Olympiad, iliyoanza Singapore mwaka 2004, ina madaraja kadhaa. Katika lile la kazi za mezani, kwa muda mrefu timu zimekuwa zikifika na vipande vilivyotenganishwa na kuunga roboti hapo hapo, na siku hiyo hiyo hutangaziwa kanuni ya kushtukiza. Mwalimu haruhusiwi kusogea. Naipenda sana kwa sababu hiyo. Mtu huingia kupitia waandalizi wa nchi, siyo kwa kujituma mwenyewe.

FIRST Global, iliyoanzia Washington mwaka 2017, ni nchi moja timu moja, vijana wa miaka 14 hadi 18. Shule haiingii kama shule. Watoto wako wanaweza kujaribu kuchaguliwa. Lipo pia la bara letu, Pan-African Robotics Competition, lililoanzishwa na profesa Msenegali Sidy Ndao na kufanyika mara ya kwanza Dakar mwaka 2016. Yote hayo ni ya mwaka wa pili. Mwaka huu someni kanuni zao tu, mkiiba mawazo.

Shindano lenu la kwanza lifanyike shuleni kwenu, mwisho wa muhula, wazazi wakiwepo. La pili mwaliko kwa shule mbili tatu za Busia na Tororo, kila moja ije na roboti zake kwa kanuni zenu mlizoziandika ukurasa mmoja. Hata ng'ambo ya mpaka Busia ya Kenya kuna shule, na Kiswahili kitawatosha wote. Ulingo unabebeka juu ya boda kama dereva si mwoga. Na mwalimu mkuu akiuliza faida yake, mwonyeshe mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020: unataka miradi, na kila timu hapo ina mradi, michoro, hesabu na ripoti.

Kuhusu wenzenu, umekaa karibu na hazina bila kujua. Kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Busitema kiko wilayani kwenu, kando ya barabara kuu ya Jinja kwenda Tororo. Andika barua kwa mkuu wa kitivo, uombe wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu waje kuwa waamuzi. Usiombe vifaa kwenye barua ya kwanza. Mtu akishakuja kuamua mapambano, akaona mtoto wa S.1 akibishana naye kuhusu gramu tano, atarudi mwenyewe na mota mfukoni. Kampala kuna Fundi Bots, aliyoianzisha Solomon King Benge mwaka 2011, ambao kazi yao ni kuingiza sayansi ya vitendo na roboti mashuleni. Waandikie, ueleze mna ulingo tayari na timu sita. Barua inayosema “tumeshaanza” husomwa tofauti na inayosema “tunaomba msaada wa kuanza.”

Manunuzi: linganisha bei za Kampala na za Luthuli Avenue, Nairobi, ambako basi linakupitia mlangoni. Ukileta kutoka Kenya, omba risiti na uipitishe forodhani kihalali; mali ya shule haipiti njia za panya. Nunueni seti za timu mbili kwanza, mzijaribu, ndipo mnunue za timu nne zilizobaki. Muuzaji akibadilisha aina ya sensa katikati, mtajua mapema.

Na yule binti wa S.2: mwambie ndiyo, inawezekana. Kimoduli cha Bluetooth kinachoitwa HC-05 kikiungwa kwenye Arduino hupokea herufi kutoka kwenye simu, N kwa nyuma, M kwa mbele, mnavyopanga wenyewe. Iwe simu ya Android, kwa maana iPhone haikubali aina hiyo ya Bluetooth. Namba ya siri huwa 1234 au 0000. Mguu wa kupokea wa HC-05 unataka volti 3.3, na Arduino inatoa 5, kwa hiyo upunguzwe kwa rezista mbili: kilohmu 1 na kilohmu 2, mgawanyo wa volti aliokwisha kuusoma au atakaousoma kwako. Anapopakia programu mpya achomoe waya za pini 0 na 1, la sivyo kompyuta itakataa na atadhani bodi imeungua. Kwenye ulingo wa sumo simu hairuhusiwi, lakini mpe roboti moja aitengenezee daraja lake la kuendeshwa kwa mkono, na yeye ndiye aandike kanuni zake.